Kifungu cha Tisa

Kanuni tuliandika kumi na mbili,
kwenye foliskepu, kwa wino wa Nyevu,
katibu wa ligi, ualimu mwaka wa pili,
mwandiko wake umelala upande kama nyasi baada ya mvua.
Cha kwanza: mguu mmoja uguse sakafu.
Cha nne: nguo ikigusa mpira ni fauli,
iwe mkono wa buibui, iwe tai ya kuazima.
Cha saba: stima ikipotea
kila mpira ukae ulipo, kila mkono ukae mfukoni.
Hicho kina historia yake. Tuiache.

Cha tisa ni changu. Mimi nilikidai:
Mwenyeji atamweleza mgeni kasoro za meza.

Kwa sababu meza ya Tsofwa, pale Maweni,
nyuma ya kinyozi, imeinama.
Si sana. Upana wa ukucha.
Mguu wa upande wa mlango ulizama mwaka wa mafuriko,
na boksi la biskuti lililokunjwa mara nne
halijawahi kuunyanyua sawasawa.
Mpira ukiusukuma polepole
hufika katikati, husita kama mtu aliyesahau ufunguo,
kisha huenda kushoto, mlangoni.
Sisi wa Malindi hatuhesabu tena.
Mikono yetu imeinama pamoja nayo.

Fainali akaja Shebwana, wa tawi la Lamu,
macho mekundu kwa basi la alfajiri,
fimbo yake ndani ya ala aliyoshonewa na dadake.
Kabla sarafu haijaingia nikamwambia,
mbele ya Nyevu, mbele ya watu:
"Meza inavuta kushoto."

Akanitazama. Akatabasamu.
"Ahsante sana," akasema,
kwa adabu ile ya kwao
inayofunga mlango bila kishindo.

Hakuniamini. Nilijua papo hapo.
Nani humwonyesha mshindani shimo
asubuhi ya fainali?
Ningeweza kusema: weka mpira, uache, tazama.
Sekunde tatu.
Nikapaka fimbo chaki.
Nikapaka tena.

Alicheza kwa nguvu mchana kutwa,
na mpira wenye kasi haujui mteremko.
Mbili kwa mbili. Kinyozi ameacha kichwa nusu
amekuja kuchungulia, mashine ingali inanguruma mkononi.
Imebaki nyeusi, namba nane,
na pigo moja tu, la taratibu, la kubembeleza.
Shebwana akainama. Nikamwona akikumbuka maneno yangu,
nikamwona akiyapindua.
Akalenga kushoto,
kama vile meza inavuta kulia.

Nyeusi ilikwenda, ikasita, ikageuka,
ikapumzika mdomoni mwa tundu, upande wangu.
Mtoto angeimaliza.
Niliimaliza mimi.

Walinibeba. Tsofwa alitoa soda.
Na katikati ya zile kelele nilimwona
ameuweka mpira mweupe katikati ya kitambaa,
ameuachilia, mikono nyuma,
akiusindikiza kwa macho hadi ulipofika.
"Kumbe ulonambia ni kweli," akasema.
Akanipa mkono. Mkono ule
ulikuwa mzito kuliko kikombe, ingawa kikombe ni bati.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja, akarudi zake na basi la saa nane,
na mwenyeji bado anaugua.

Usiku nilimwendea Nyevu, hosteli, barazani.
Akafungua foliskepu.
"Ulimweleza?"
"Nilimweleza."
"Basi."
Lakini kalamu hakuifunika.
Sauti niliyomwambia nayo, yeye pia aliisikia:
sauti ya mtu anayelipa deni
kwa noti anayojua duka halitaipokea.

"Ongeza," nikasema.
Hakuuliza niongeze nini. Aliandika maneno mawili
mwishoni mwa kifungu: na kumwonyesha.

Wino wa kwanza ulikuwa umekwisha.
Maneno hayo mawili ni mekundu,
na kila msimu kuna mgeni anayeuliza kwa nini.